Dunia Iliyotutangulia Darasani

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu, Tukuyu



Nilipoombwa kuzungumza siku ya leo niliuliza kwa nini nimechaguliwa mimi, ambaye si muumini wa hekalu hili bali ni Mmoravian wa kuzaliwa na mwalimu mstaafu wa Jiografia na Historia. Nikajibiwa kwamba watoto wa hekalu hili na watoto wa majirani hukaa pamoja dawati moja katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, na kwamba Kamati ilitaka kumsikia mtu aliyekuwa akisimama mbele yao kila siku. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba niruhusiwe kusema pia nilipokosea.

Siku hizi tunasikia sana kwamba shule inapaswa kumpa kijana upeo wa dunia nzima. Sina ugomvi na neno hilo. Ila kwa miaka mingi nililielewa vibaya. Nilidhani kazi yangu ilikuwa kumtoa mtoto wa Rungwe mgombani na kumpeleka duniani, kana kwamba dunia iko mahali pengine, mbali, na mwalimu ndiye mwenye nauli. Nimestaafu nikiamini kinyume chake. Dunia ilifika Tukuyu zamani, ikaacha alama kwenye majina yetu, kwenye mazao yetu na kwenye madaftari ya maduka yetu. Mtoto wa miaka kumi na minne anaishi ndani ya alama hizo bila kuonyeshwa. Kazi ya vidato viwili vya mwanzo ni kumwonyesha.

Kwa wale ambao hawakumbuki vizuri, na wazazi wengi hawakumbuki, niseme tulichokuwa tukifundisha. Katika mtaala niliofundisha mimi, Jiografia ya Kidato cha Kwanza ilianza na mfumo wa jua, ikashuka kwenye mabara na bahari, kisha hali ya hewa na ramani. Kidato cha Pili kiliingia katika kilimo, misitu, madini, nishati, usafiri na utalii. Historia ilianza na chimbuko la mwanadamu, na kufikia Kidato cha Pili mwanafunzi alikuwa akisoma jinsi Afrika ilivyokutana na watu wa Mashariki ya Kati na Mashariki ya Mbali, kisha Wareno, kisha biashara ya utumwa. Kwa karatasi, hiyo ni dunia nzima kwa miaka miwili. Ni karamu kubwa.

Lakini karamu hiyo iliandaliwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka yote kwa Kiswahili, na ambaye akirudi nyumbani huzungumza Kinyakyusa. Mwenzake wa dawati, mtoto wa hekalu hili, akirudi nyumbani huzungumza Kigujarati. Katika safu moja ya madawati nilikuwa na lugha tatu za nyumbani na za mtaani, na lugha ya ubaoni haikuwa ya yeyote kati yao. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mwalimu aliyeko hapa. Mtoto hukariri. Anakutajia mabara yote saba bila kukosea, kisha ukimuuliza Malawi iko upande gani anasita, ilhali mjomba wake alivuka daraja la Mto Songwe juzi kupeleka ndizi.

Nitatoa mfano wa somo moja lililonifundisha mimi zaidi ya lilivyowafundisha wao. Ilikuwa mada ya mahusiano ya kale kati ya pwani yetu na Arabuni, Ghuba na India. Kitabu kinataja pepo za msimu kwa jina lake la Kiingereza, na darasa zima huliandika kwa namna sita tofauti. Mwaka mmoja nilichoka kusahihisha tahajia. Nikafuta ubao, nikauliza kwa Kiswahili: kaskazini ni wapi? Wote wakanyoosha vidole kuelekea Mbeya. Kwa nini panaitwa kaskazini? Kimya. Nikaandika neno hilo, nikaikata silabi ya mwisho kwa mstari. Ikabaki kaskazi, upepo unaovuma kuanzia karibu na mwisho wa mwaka hadi Machi, ulioyaleta majahazi kutoka Arabuni na India. Nikaandika kusini, nikaikata vilevile. Ikabaki kusi, upepo uliowarudisha makwao baada ya masika. Yaani mtoto wa Rungwe, ambaye hajaiona bahari, kila anapoelekeza njia anataja upepo wa Bahari ya Hindi.

Darasa lilichangamka. Tukaendelea na maneno. Nikaandika ubaoni pesa, laki, gari, bima, chapati, nikauliza nani anayatambua kutoka lugha ya nyumbani kwake. Kijana mmoja wa familia ya hekalu hili, ambaye kwa muhula mzima hakuwa amefungua kinywa, akasimama akayasoma moja moja jinsi bibi yake anavyoyatamka. Wenzake wakamwomba arudie. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza lugha ya nyumbani kwake kuwa na faida yoyote shuleni.

Baada ya hapo nilianza kutafuta dunia hapa hapa. Majina peke yake yangetosha kwa mwaka. Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Kanisa langu lilianza kazi Rungwe mwaka 1891, na nusu ya darasa walikuwa Wamoravian kama mimi, lakini hakuna aliyejua kwamba Moravia ni eneo lililo katika nchi ya Cheki ya leo, na kwamba watu waliokimbilia Ujerumani kwa ajili ya imani yao walilibeba jina hilo hadi likafika mlimani kwetu. Mtoto mmoja aliniuliza kama watu wa Moravia wanajua kwamba sisi tunaitwa kwa jina lao. Nilimwambia kwamba wengi wao pengine hawajui. Alionekana kusikitika kidogo, nami nikaona kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko maswali yote niliyokuwa nimepanga kuwauliza siku hiyo.

Kuna pia ziwa letu. Sisi tunaliita Nyasa, na mtoto akifungua ramani kwenye simu ya kaka yake analikuta kwa jina la Malawi. Nani anakosea? Hapo hufunguka somo zima la mipaka: mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliotiwa saini na watu ambao hawakuwahi kunywa maji ya ziwa hilo, na ambao hadi leo ndio kiini cha mabishano kati ya nchi yetu inayotaka mpaka wa katikati ya maji na jirani yetu anayesema mpaka ni ufukwe wetu. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kuelewa jambo hilo. Ana shangazi Kyela anayekula samaki wa ziwa hilo.

Wala dunia haiji kwetu tu. Na sisi tumeipelekea kitu. Wawindaji wa mlima Rungwe walikuwa na habari za kima waliyemwita kipunji. Mwaka 2003 watafiti walifuata habari hizo, wakamwona. Mwaka 2005 walimtangaza katika jarida la sayansi, na mwaka 2006 ikabainika kuwa anastahili jenasi yake peke yake, iliyopewa jina la Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima hai wa Afrika haikuwa imetangazwa tangu 1923. Niliwaambia wanafunzi: mtoto wa Chicago au wa Tokyo anayesoma habari za wanyama hawa lazima ataje mlima wenu. Kijana mmoja wa nyuma akasema babu yake alimjua kipunji kabla ya hao watafiti. Nikamwambia aiandike sentensi hiyo katika daftari lake la Biolojia. Sijui mwalimu wa Biolojia alisemaje.

Lakini nisiwaache mkidhani kwamba upeo wa dunia ni majina na kima tu. Katika Rungwe ni suala la riziki. Tunalima chai ambayo asili yake ni China na Assam, na chai ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi imeuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Mkulima wa Katumba anapoambiwa bei imeshuka, hawezi kumwona aliyeishusha. Tunalima parachichi ambalo asili yake ni Marekani ya Kati. Na tunalima ndizi, ambazo asili yake ni Asia, ingawa ole wake mtu atakayemwambia bibi wa Kinyakyusa kwamba mgomba ni mgeni.

Kuhusu ndizi mnakumbuka mwaka 2025. Mwezi Machi, Malawi ilizuia kuingizwa kwa unga, mchele, tangawizi, mahindi na ndizi kutoka kwetu. Afrika Kusini nayo ilikuwa imekataa ndizi zetu kwa muda mrefu. Mwezi Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya nchi hizo mbili, na siku chache baadaye, baada ya mazungumzo, zuio letu likasitishwa. Magazetini ilikuwa habari ya kidiplomasia. Kwetu ilikuwa mikungu. Kila mmoja wenu mwenye duka anajua: mnunuzi wa ndizi asipofika, sare ya shule hainunuliwi, deni la sukari halilipwi. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini mwalimu kijana aliyechukua nafasi yangu aliniomba ushauri, kwa kuwa wanafunzi wake wa Kidato cha Pili walimuuliza swali ambalo halikuwa kwenye muhtasari: kwa nini Malawi inatuchukia?

Ndugu zangu, swali hilo ni njia panda. Mtoto wa umri ule akiachwa nalo, ataondoka na jibu la kijiweni, kwamba wale ni wabaya. Nilimshauri mwalimu aligeuze swali. Awaulize: kama ninyi ndio serikali ya Malawi, fedha za kigeni zimewaishia, na wakulima wenu wa ndizi wanalalamika kwamba soko limejaa ndizi za Tukuyu, mngefanya nini? Aliniambia darasa liligawanyika, na waliokuwa upande wa Malawi walijitetea kwa ukali hadi wenzao wakawaita wasaliti. Yule aliyelia kwa kuitwa msaliti ni mtoto wa mkulima wa ndizi. Hata hivyo hakubadilisha upande. Mimi naona mtoto huyo amepata upeo wa dunia, hata kama katika Upimaji wa Kitaifa hakuulizwa jambo hilo na wala hatapewa alama kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nimelichelewesha kwa sababu si rahisi kulisema ndani ya uwanja huu.

Ilikuwa mada ileile ya wageni wa kutoka nje ya Afrika, miaka mingi kabla ya siku ile ya kaskazi na kusi. Sikutumia kitabu, nilitumia muhtasari uliokuwa ukipita mkononi mwa walimu, wenye pointi za kujibia mtihani. Pointi mojawapo ilisema, kwa maneno machache, kwamba wafanyabiashara wa Kihindi walikuja kuwanyonya Waafrika. Niliiandika ubaoni. Nilisikia nyuma yangu madawati yakisogea, na nilipogeuka niliona darasa zima limegeuza vichwa kumtazama binti mmoja aliyekaa safu ya tatu. Baba yake alikuwa na duka hapa mjini.

Binti yule alinyoosha mkono. Akauliza, “Mwalimu, hao wanaosemwa hapo ni babu yangu?”

Wenzake wakacheka. Nami, ambaye nilikuwa na jibu la kutoa na wajibu wa kulitoa, nikasema, “Hayo ni mambo ya zamani. Andika.” Akainama akaandika. Tulimaliza kipindi.

Sikulala vizuri. Jumamosi nilikwenda dukani kwao nikijifanya nataka misumari. Babu yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, na kabla sijasema lolote akaniambia, “Karibu, Mwalimu. Nimesikia nimeingia kwenye mtihani.” Alisema bila hasira. Nikamwomba radhi. Akaagiza chai, akamtuma kijana wa duka alete kitu kutoka chumba cha nyuma. Lilikuwa daftari la hesabu la baba yake, limefungwa kwa kitambaa chekundu, karatasi zake zimevimba kwa unyevu wa mji huu, mwandiko wote ni wa Kigujarati.

Akanisomea. Baba yake alitoka Kathiawar kwa jahazi akiwa kijana mdogo, akatumika kwenye duka la ndugu yake Dar es Salaam, kisha akapanda treni hadi Dodoma na lori hadi huku. Daftari lilikuwa na majina ya watu wa Rungwe, kwa herufi nisizoweza kuzisoma, lakini aliyatamka, nami nikayatambua: majina ya koo zetu, ya vijiji vyetu. Mbele ya kila jina palikuwa na bidhaa: chumvi, jembe, mafuta ya taa, blanketi. Majina mengine yalikuwa yamekatwa kwa mstari. Nikauliza kama mstari maana yake deni lilikwisha kulipwa. Akasema mengi yalilipwa, wakati wa kahawa. Mengine mwenye deni alikwenda Wenela, hakurudi.

Vijana hapa huenda hawajui Wenela ni nini. Ndivyo wazee wetu walivyoiita kampuni iliyoandikisha wanaume kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Wanaume wengi wa Rungwe walikwenda, hadi serikali yetu ilipousitisha uandikishaji huo baada ya Uhuru. Kila ukoo una mtu wake. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja wa daftari la duka la Tukuyu palikuwa na Kathiawar, palikuwa na Johannesburg, palikuwa na bei ya kahawa iliyopangwa mbali na hapa, na palikuwa na blanketi la mtu ambaye mjane wake huenda hakujua kwamba deni limefutwa.

Nilimuuliza mzee swali gumu, kwa kuwa chai yake ilinipa ujasiri. Je, muhtasari wangu ulikuwa wa uongo mtupu? Alikaa kimya kidogo. Akasema baba yake hakununua kahawa kwa bei ya haki siku zote, na kwamba alijua hivyo. Akasema pia kwamba aliyempangia baba yake bei alikuwa na ofisi kubwa zaidi na kiti kizuri zaidi, na kwamba katika nchi hii mkulima alimwona Mhindi kwa sababu Mhindi ndiye aliyekuwa mlangoni. Kisha akanieleza kuhusu ile sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha, na jinsi ndugu zake wawili walivyohamia Leicester, Uingereza, ambako wajukuu zao sasa wanaulizwa na watoto wenzao wao ni watu wa wapi. Yeye alibaki. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alikuwa na madeni mengi ya kudai, akacheka.

Sikukubaliana naye kwa kila neno, na sidhani alitaka nikubaliane naye. Lakini nilirudi darasani Jumatatu na ruhusa yake ya kunakili ukurasa mmoja bila majina. Nilimwomba binti radhi mbele ya wenzake. Lilikuwa jambo gumu kwa mwalimu wa enzi zetu, na wengine katika chumba cha walimu waliniona mdhaifu. Kisha nikaandika ubaoni orodha ya bidhaa na bei zake, nikawatuma wakawaulize mababu na mabibi zao: ulinunua wapi chumvi, uliuza wapi kahawa, nani katika ukoo wetu alikwenda Wenela. Kwa wiki mbili darasa lilikuwa vurugu tupu. Walikuja na habari zinazopingana. Bibi mmoja alisema mwenye duka alikuwa mwizi wa mizani. Mwingine alisema mwenye duka huyohuyo alimpa sanda ya mumewe kwa mkopo na hakudai. Kijana mmoja alileta sanduku la bati ambalo babu yake alilinunua Johannesburg, alilobeba kichwani kutoka kwao hadi shuleni, na ndani yake alikuwa ameweka vitabu vyake.

Binti yule aliandika insha yake kuhusu babu yake. Aliandika jambo la bei ya kahawa pia, hakulificha. Nilimpa alama ambayo kanuni za usahihishaji zisingeruhusu, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa na makosa kumi na tisa.

Nisiwadanganye. Mtihani ulipofika, wengi wao waliandika zile pointi za muhtasari, kwa kuwa walijua ndizo zenye alama. Nami singeweza kuwalaumu. Mfumo mmoja hauwezi kuangushwa na daftari moja. Mambo sasa yanabadilika kidogo. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu mwenye nia anaweza kulitumia kufanya kwa uhalali yale ambayo mimi nilikuwa nikiyafanya kwa kuibia dakika. Hofu yangu ni kwamba na lenyewe litapata muhtasari wake wa pointi, na watoto watakariri uzalendo kama sisi tulivyowakaririsha mabara.

Ndiyo maana nimekuja hapa na ombi, na nalileta kwa Kamati na kwa majirani kwa pamoja.

Mzee yule ameshafariki. Familia ilihamia Dar es Salaam na sijui lile daftari liko wapi. Lakini najua kwamba hapa mjini, na Mbeya, kuna madaftari mengine katika makabati na chini ya vitanda, na unyevu wa Tukuyu hauna huruma kwa karatasi. Mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka; mgomba unaifurahia, daftari halifurahii. Tatizo la pili ni kubwa kuliko mchwa. Wanaoweza kusoma Kigujarati cha kibiashara cha zamani wamebaki wachache, na wengi wao wamekaa safu hii ya mbele. Wajukuu wenu wanaisikia lugha lakini hawaisomi. Vivyo hivyo kwa upande wetu: wazee waliokwenda Wenela wamekaribia kwisha, na watoto wao wanaijua hadithi bila kujua miaka wala migodi.

Naomba, basi, jambo la kazi. Wazee wawili au watatu wa hekalu hili wakae na vijana mara moja kwa mwezi, wasome ukurasa mmoja tu kwa sauti, kijana mmoja aandike kwa Kiswahili. Majina ya wadeni yasitoke nje. Heshima ya watu ilindwe. Na kwa kila ukurasa, tumtafute mzee mmoja wa Kinyakyusa aje asikilize, aseme anachokumbuka, hata kama kitakuwa ni kulalamikia mizani. Nimezungumza na mwalimu kijana niliyemtaja. Yuko tayari kuwaleta wanafunzi wa Kidato cha Pili, wote, wa dini zote, kwa zamu za watu kumi na watano. Wazazi wao wamekwisha kuulizwa. Wawili walitaka kujua kama watoto watalazimishwa kusali. Nimewajibu kwamba hakuna atakayewalazimisha, na kwamba watapewa kitu kitamu cha kula, kwa kuwa sijawahi kutoka hapa bila kupewa.

Kundi la kwanza litafika Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, kwa miguu. Nimewaeleza kwamba hapa viatu vinavuliwa mlangoni. Mama mlezi wa usafi wa hekalu naomba anisamehe mapema, maana njia ile mnaijua, na soksi zao zitakuwa na tope.